Kisiwa cha watu siyo chimbo lako, staa

Kila mwaka kusi ikishaanza kupoza joto la Dar, picha zinaanza kumiminika. Staa kalala juu ya fungu la mchanga mweupe, maji ya bluu pande zote, kofia pana, miwani ya bei mbaya, dafu lenye mrija mkononi. Kapsheni ni ileile ya mwaka jana, imebadilishwa emoji tu: bahari ndiyo tiba yangu, mimi mtoto wa maji, nimegundua chimbo jipya, msiniulize ni wapi. Laiki zinafurika. Brandi ya losheni imetagiwa, duka la kofia limetagiwa, mpiga picha ametagiwa. Nahodha aliyemfikisha pale, akamshika mkono asidondoke, akakaa juani asubuhi nzima akimsubiri, hayumo.

Majina hayana haja, na wala siyo mtu mmoja. Ni ukoo. Yupo msanii ambaye wimbo mpya hautoki bila video ya boti ya kukodi. Yupo dada wa vipodozi ambaye ukurasa wake unamtambulisha kama roho ya bahari, ila miguu yake haijawahi kuingia kwenye maji yaliyovuka magoti. Ipo kapo inayoachana kila Pasaka na kurudiana kisiwani kila Desemba. Na yupo yule kaka wa kontenti za safari, mwenye droni mbili na jibu la kila swali. Wapandishe wote ngalawa moja, itazama kwa uzito wa mabegi.

Iwekwe wazi mapema, kabla hawajaja na lile neno lao la wivu: kula bata siyo kosa. Mtu kapata maokoto yake halali, aende. Tena kuna uzuri wake. Watanzania wengi waliozaliwa umbali wa daladala moja kutoka baharini hawajui kuogelea na hawajawahi kuona matumbawe kwa macho yao. Staa wa Kitanzania aliyevaa miwani ya kuzamia anasema kitu ambacho kipeperushi cha hoteli chenye Wazungu watupu hakijawahi kusema. Tatizo siyo bata. Tatizo ni uongo unaouzwa pamoja na bata, kwamba kisiwa hakina mtu.

Kwa muda mrefu ukoo huu ulikuwa na njia zake za kila siku: Nungwi, Paje, Kendwa, Mnemba kwa kuitazama tu kwa mbali maana ni ya wageni wa hoteli moja, na mkataba ukiwa mnono, Maldives. Sasa Unguja imewachosha. Picha zote zinafanana, bembea ya kwenye maji kila mtu kashakaa. Kwa hiyo macho yamegeuka kusini: Mafia, Kilwa na Fanjove, na sasa Mtwara. Msimbati, Ruvula, Msanga Mkuu, visiwa vya Ghuba ya Mnazi. Na neno linalobebwa safari nzima ni moja, limeandikwa mpaka kwenye tisheti: haijaguswa.

Imeguswa, bwana. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilianzishwa mwaka 2000, ya pili nchini baada ya ile ya Mafia ya 1995. Ina kilomita za mraba 650 hivi, na kama theluthi yake ni nchi kavu: vijiji, mashamba ya minazi, mikoko, misikiti, shule, na watu wanaogombana kuhusu mipaka ya viwanja kama watu wa Mbagala. Ndani ya maji yake wataalamu wamehesabu aina zaidi ya 250 za matumbawe. Gesi iligunduliwa hapohapo mwaka 1982, na tangu 2015 bomba linaipeleka Dar es Salaam kuzalisha umeme. Kwa hiyo kiyoyozi kinachompoza staa wakati anahariri video ya sehemu isiyojulikana na mtu kinaweza kabisa kuwa kinaendeshwa na gesi ya sehemu hiyohiyo.

Na kama ni kugundua, amechelewa. Kuna Mwingereza mmoja mstaafu alimtangulia kwa zaidi ya miaka 60. Alijenga nyumba yake Msimbati akapapenda kweli, kwa mapenzi yaleyale ya kapsheni. Mwishoni mwa miaka ya 1950, alipoona Tanganyika inaelekea uhuru, akatangaza kwamba ufukwe ule ni nchi yake na yeye ndiye sultani wake. Siyo stori ya kijiweni, ilitokea. Sultani wa Msimbati, na watu wote wa Msimbati wapo, wanavua, wanaoana, wanazikana, hakuna aliyewauliza. Baada ya uhuru serikali ilimtoa, na ya nyumba yake yamebaki magofu. Watu wanaicheka stori hii kama kituko cha Mzungu mmoja aliyepigwa na jua. Lakini msikilize staa akiwa juu ya fungu la mchanga, mikono kaitanua, akiita kisiwa changu. Tofauti yake na yule mzee ni kwamba mzee alikaa miaka, huyu anakaa mpaka chaji iishe.

Twende kwenye maji yenyewe, maana huko ndiko wapenda bahari wanakofeli mtihani wa darasa la kwanza.

Bahari ya pwani hii hupanda na kushuka sana. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiwa mwandamo, tofauti ya maji kujaa na kupwa inafika karibu mita nne. Siku hizo, mnamo saa nne asubuhi, maji yanakimbia mbali na mwamba unabaki wazi kwa saa chache. Ndipo wanawake wanaposhuka. Ndoo, fimbo ya kumchokoa pweza tunduni, kanga imefungwa juu ya magoti, viatu vya plastiki vilivyochoka. Wanatafuta pweza, chaza, kombe. Hawana boti, hawana wavu, hawana mkopo wa injini. Wana hizo saa chache, mara mbili kwa mwezi, siku kadhaa kila mara. Humo ndimo mna mboga ya jioni, daftari la mtoto na mchango wa msiba.

Sasa sikia. Fungu la mchanga zuri, lile la droni, nalo linatoka majini lini? Siku hizohizo za bamvua. Saa hizohizo.

Hapo ndipo boti ya maraha inapofika, muziki juu, nanga inatupwa popote. Ikitupwa juu ya mwamba hakuna anayejali kwa sababu hakuna aliyetazama chini. Watu wanashuka, wanatembea juu ya matumbawe wakidhani ni mawe. Kuna aina za matumbawe zinazokua kama sentimita moja tu kwa mwaka, hivyo lile la mviringo lenye upana wa meza ya chakula linaweza kuwa limemzidi umri babu yake staa. Kisha inakuja amri ya mpiga picha: wale akina mama wanaharibu fremu, waambie wasogee. Wasogee waende wapi? Huyo mama anaombwa atoke kazini kwake ili mtu mwingine apige picha ya kupumzika.

Wengine hawawafukuzi, afadhali wangewafukuza. Wanawapiga picha kwa mgongo, kivuli kizuri, jua la asubuhi, na kapsheni inasema maisha rahisi, hawa ndio wanaojua furaha ya kweli. Huyo mama kainama tangu maji yalipoanza kukimbia na kiuno kinamuuma. Angeulizwa kuhusu furaha ya kweli angetaja bei ya pweza kwa kilo.

Kuna jambo lingine ambalo droni hailioni. Sehemu kadhaa za pwani yetu, Kisiwa Panza kule Pemba ni mfano mzuri, wanakijiji wenyewe hukubaliana kufunga kipande cha mwamba kwa miezi mitatu hivi. Hakuna kuchokoa, hakuna kukanyaga. Pweza hukua haraka, maisha yake yote ni mwaka mmoja na kidogo, kwa hiyo ukimwachia miezi michache anarudi mkubwa, na siku ya kufungua kijiji kizima kinashuka. Kujizuia huko kunauma, maana njaa haifungwi kwa miezi mitatu. Mwamba uliofungwa hivyo, ukiutazama kutoka juu, uko mtupu na unapendeza. Haujaguswa, kwa lugha yao. Ni mtupu kwa sababu kuna mtu amelala na mboga ya majani ili uwe mtupu.

Halafu kiti cha pweza. Kama kuna picha moja inayopaswa kufutwa kwenye simu zote za nchi hii ni ile ya staa kashika kiti cha pweza chekundu juu ya kiganja, au kakiweka begani, au kavipanga vitano mchangani viandike herufi ya kwanza ya jina la mpenzi. Kile siyo ua. Ni mnyama, anapata hewa yake kutoka kwenye maji, na nje ya maji anaanza kukosa pumzi muda huohuo. Picha nzuri haipatikani kwa mara moja, inataka majaribio kumi na tano, nywele zipangwe upya, jua litoke kwenye wingu. Hadi hapo mnyama yuko taabani, na anarushwa majini kama kizibo cha soda. Kapsheni: naipenda bahari. Bahari gani?

Usiku nao una mambo yake. Moto mkubwa ufukweni, spika, taa za rangi, magari yanayoendeshwa juu ya mchanga, maana Msimbati inasifika kwa ufukwe ambao gari linapita. Mchanga huohuo ndio kasa huupanda usiku kutaga. Akiona taa na zogo anageuza, na akishataga, mayai yanakaa chini ya mchanga karibu miezi miwili, hayana bango wala mlinzi, tairi likipita limepita. Vifaranga vikitoka hufuata mwanga, na kwa kawaida mwanga ulikuwa baharini. Ukiwasha wako nchi kavu, vinakuja kwenye sherehe yako.

Anayetaka kujua mambo haya yanaishia wapi asiende mbali, atazame Unguja, ambayo ukoo huu umeichoka na kuiacha. Mwaka 1989, huko Paje na Jambiani, kilimo cha mwani cha biashara kilianza, na wanawake ndio walioshika kazi hiyo. Leo vigingi vya mwani vinagombania maji na wageni, na mgeni anayelipa dola anaona kamba za mwani kama takataka mbele ya chumba chake. Mwaka 2012 shirika la Tourism Concern la Uingereza lilitoa ripoti kuhusu maji Kiwengwa, Nungwi na Jambiani: mwenyeji alikuwa anatumia wastani wa lita 93 kwa siku, chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano lita 3,195. Lile bwawa lisilo na ukingo linaloonekana kama limeungana na bahari, ambalo kila staa kashapigia picha akiwa amegeuza mgongo, linajazwa na maji matamu. Yanatoka ardhini, chini ya kijiji.

Sasa utetezi wao, na haki itendeke, usikilizwe wote.

Wa kwanza: tunatangaza utalii, tunaleta ajira. Sawa. Basi hesabu iwekwe mezani. Safari imelipiwa na brandi, boti imetafutwa na wakala wa Dar, chakula kimekuja kwenye boksi la barafu kutoka supamaketi ya mjini, vinywaji hivyohivyo. Samaki wa pale hawakununuliwa, kwa maelezo kwamba hajulikani kavuliwa lini, wakati kavuliwa alfajiri. Ada ya hifadhi imeombewa msamaha kwa sababu ni kontenti. Nahodha kaambiwa atalipwa kwa kutangazwa, kisha hakutajwa. Kilichobaki kijijini ni chupa za plastiki. Ajira ipi hiyo? Na Mtwara, kwa taarifa yao, ni watu wenye kumbukumbu. Januari na Mei 2013 mkoa ule uliingia barabarani kwa sababu ya gesi, watu wakiuliza swali moja rahisi: kinachotoka kwetu, sisi tunabaki na nini? Mtu anayekwenda kule na droni akidhani swali hilo lilikuwa la gesi tu, hakusoma.

Utetezi wa pili ni mzito zaidi: wavuvi wenyewe ndio waliolipua matumbawe kwa baruti. Ni kweli. Uvuvi wa baruti uliumiza pwani hii kwa miongo mingi, na Ghuba ya Mikindani watu walichimba matumbawe na kuyachoma kupata chokaa ya kujengea. Hakuna sababu ya kuwafanya wanakijiji malaika, na joto la bahari la 1998 lililopausha matumbawe pwani nzima halikuletwa na mvuvi wala staa. Lakini mvuvi akikamatwa na baruti anafungwa. Akikamatwa na wavu haramu, wavu unachomwa hadharani na picha zinatolewa kwenye taarifa ya habari. Staa akikanyaga mwamba uleule, akamtoa mnyama majini, akarusha droni bila kibali wakati sheria ya nchi inataka kibali, tena mpakani, anapewa nini? Anapewa ubalozi wa utalii. Kama sheria ni ya bahari, iwe ya bahari yote.

Wa tatu ni wa kimya kimya, hawausemi kwa sauti: kwani kuna ubaya gani, ni picha tu. Ubaya upo kwenye safari ya neno lenyewe. "Hakuna mtu" linapita kwenye posti likiwa utani, linafika kwenye andiko la mradi likiwa hoja. Kabla mwekezaji hajaja na ramani, picha hutangulia. Mwishoni mwa 2021 serikali ya Zanzibar ilitangaza kukodisha visiwa vidogo kadhaa kwa wawekezaji wa hoteli za kifahari. Karibu na Mafia kuna kisiwa kinachokodishwa kizima kwa mgeni mmoja na wenzake, maelfu ya dola kwa usiku. Mikataba hiyo inaweza kuwa mizuri au mibaya, kila mmoja upimwe kivyake. Lakini kinachorahisisha yote ni ule mtazamo kwamba visiwa vidogo ni vitupu, na mtazamo huo haukutengenezwa na mawakili. Umetengenezwa na picha elfu moja ambazo mvuvi amekatwa pembeni.

Kwamba kisiwa cha kifahari kipo nje ya dunia ni ndoto ya gharama. Vuka mdomo wa Ruvuma, shuka kidogo kusini upande wa Msumbiji, utakuta Vamizi. Palikuwa na hoteli ya matajiri, nyota wakubwa wa sinema na muziki wa dunia walipita, ilisifiwa kama mahali ambapo shida za dunia hazifiki. Septemba 2020 wapiganaji wa vita ya Cabo Delgado walifika. Vyombo vya habari vya dunia viliandika vichwa vya habari kuhusu kisiwa cha mastaa. Wavuvi na familia zao waliokuwa wakiishi humohumo kisiwani, waliopanda mashua kukimbia, walitajwa mistari ya chini, kwa kuwa kwenye picha za hoteli hawakuwahi kuwepo.

Na mahali pakipendwa vibaya huwa panafungwa. Thailand walilazimika kufunga Maya Bay mwaka 2018, ufukwe uliopata umaarufu kwa sinema moja ya Hollywood, kwa sababu maboti na miguu ya wapenda bahari viliua matumbawe yake. Ulifunguliwa 2022, kwa masharti. Walipoondoka watu, papa wadogo walirudi wenyewe. Pale walifunga geti. Fungu la mchanga la Ghuba ya Mnazi halina geti.

Asidanganywe mtu kwamba njia nyingine haipo. Chumbe, ng'ambo kidogo tu ya mji wa Unguja, iko hifadhini tangu 1994. Vibanda saba, basi. Hakuna bwawa, maji ni ya mvua yanayovunwa juu ya paa, choo hakitumii maji, waliokuwa wavuvi wamefanywa walinzi wa mwamba, na watoto wa shule za Unguja wanapelekwa kuona matumbawe ambayo wazazi wao hawakuwahi kuyaona. Mgeni analipa pesa nzuri na anakatazwa mambo mengi. Bata lipo, tena la heshima. Ila halitoi picha za kurusha kiti cha pweza, kwa hiyo ukoo wetu huoni wakienda.

Rudi Mtwara, lakini toka pwani, panda bara kidogo mpaka Mpapura. Wilaya ileile, ila huku ni nchi ya mikorosho na mihogo, bahari haionekani. Inafika kwa njia nyingine: samaki aliyekaushwa, pweza aliyekaushwa, amefungwa nyuma ya baiskeli au bodaboda, anauzwa kipande kipande. Kijana wa Mpapura ana simu kama kijana wa Sinza. Anamwona staa juu ya fungu la mchanga, anasoma "kisiwa kisichojulikana", na nyuma, mbali, kona ya picha, anaona tanga la mashua iliyoshonwa kwa viraka vya mifuko ya salfa ya mikorosho. Analijua tanga la namna hiyo. Yeye ndiye aliyechuja ile picha vizuri kuliko laiki zote, na ameambiwa kwamba wilaya yake haijulikani na mtu.

Kwa hiyo kusi ya mwaka huu, mambo ni machache na hayahitaji meneja. Ulizia maji yanapwa lini, na kama ni bamvua, subiri akina mama wamalize mwamba, fungu la mchanga halikimbii hivyo. Lipa ada ya hifadhi kama mtu mwingine. Nunua samaki wa pale. Muulize nahodha nanga itupwe wapi, anajua. Kiti cha pweza kipigwe picha kikiwa majini, simu za siku hizi zinaingia majini, zilinunuliwa kwa sifa hiyo. Na kapsheni iwe na jina la kijiji na, akiridhia mwenyewe, jina la nahodha. Staa akifika kwenye mstari huo wa kapsheni na kukuta jina la nahodha halijui, ingawa alikaa naye kwenye boti tangu asubuhi, posti hiyo asiiweke.